Siku Baba Alipokula kwa Mfaransa

Baba Zuhura, mume wangu mpendwa,

Leo nimeikumbuka ile Jumapili ya mkahawa wa Mfaransa kule mjini, enzi za Mwingereza, ulipokuwa mpishi wa Mfaransa huyo, nami binti wa mwalimu wa Temeke. Baba alikuwa amekataa posa yako ya kwanza. Alisema hamwozeshi binti yake mtu anayeshinda kwenye nguruwe na mvinyo. Nililia sana.

Hukuleta wazee wa kubembeleza. Ulimwomba tajiri wako akuachie mkahawa mchana mmoja, siku ambayo haufunguliwi, kisha ukaja kutualika. Baba hakutaka. Mama ndiye aliyemwambia kwamba kula chakula cha mtu si kumpa mke.

Tulikaa kwenye viti ambavyo watu wa rangi yetu hawakuvikalia. Kila mlango ulipolia nilidhani tunafukuzwa. Ukatuwekea supu ya vitunguu, juu yake mkate na jibini iliyoyeyuka. Baba hakushika kijiko.

"Humu mna mvinyo?" akauliza.

"Ya wageni huwa nao, mzee. Hii nimeipika kwa sufuria ya mama yangu, na nyama ya kuchemshia supu nimeinunua mwenyewe kwa Mwarabu, ya halali."

Alikutazama sana, kisha akasema bismillahi. Jibini ikavutika toka kijikoni hadi ndevuni, mama akacheka, nami nikaona tumeharibikiwa. Baba akajifuta, akamaliza bakuli, akauliza kama kuna kingine. Ulipomletea samaki ndipo aliposema:

"Na binti yangu utampikia hivi, au ni kwa Wazungu tu?"

"Nitampikia, baba."

Akakwambia urudi na posa Ijumaa. Mama akanishika mkono, akaninong'oneza, "Pumua sasa."

Ulinipikia kweli, hata majirani waliposema nimekuroga. Mpaka ugonjwa ukakunyang'anya jiko, kisha sauti, nami nikawa silali, nasikiliza pumzi zako. Pumzi zilipokoma asubuhi ile, nilichohisi kwanza kilikuwa nafuu, nikaona haya kumwambia mtu. Sasa sioni haya. Huumwi tena. Jana nimelala mpaka Zuhura akaja kuniamsha, akihofu nami naumwa. Nikamwambia hapana mwanangu, ni usingizi tu, na ni mtamu.

Pumzika, mume wangu. Mie sijambo.

Mkeo,
Mama Zuhura