Filimbi Niliyompulizia Tumaini

Jumamosi, mwezi wa sita. Mbinga imejifunika ukungu tangu jana, na humu kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko kila mtu anaandika akiwa na koti. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Kichwa kinachemka.

Leo sina cha kuchekesha. Leo nina dharau. Namdharau Mkurugenzi wa shule ninayofundisha, nalidharau na kombe lake, na mkinivumilia mpaka chini mtaona kwamba hata mwalimu wa michezo sikumsaza.

Mwalimu wa michezo ni mimi.

Kwa wasionijua: nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya binafsi hapa mjini, zile shule ambazo watoto husalimia kwa Kiingereza hata mbwa wa mlinzi. Mwenye shule ni mnunuzi wa kahawa. Biashara ya kahawa iliporuhusiwa kwa kila mwenye mtaji, akaingia. Watu binafsi waliporuhusiwa kufungua shule, akaingia huko nako. Sina ugomvi na hilo, mtu na atafute riziki. Ugomvi wangu ni kwamba kwake mtoto na gunia ni mali ya ghala moja.

Mnataka ushahidi? Tazameni uwanja wetu wa michezo. Kwenye vipeperushi tunavyogawa kanisani upo, kijani kibichi, na magoli mawili. Njooni muuone sasa. Umejaa vichanja vya kuanikia kahawa kuanzia goli hadi goli, na kuna mzee analipwa kuwafukuza watoto wasikimbie karibu. Kipindi cha Haiba na Michezo huwafundishia koridoni, watoto thelathini na wawili wakirukaruka kama bisi kwenye sufuria, huku mwalimu wa hesabu akigonga ukuta tunyamaze.

Mwezi uliopita Mkurugenzi aliniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na kombe, kubwa, la rangi ya dhahabu, lenye masikio mawili. Akalizungusha nilione vizuri. Lilikuwa limekwisha kuandikwa: MABINGWA WA MICHEZO, na chini yake jina la shule yetu.

"Mabingwa wa michezo gani, Mkurugenzi?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, Mwalimu Edita. Tafuta shule moja ya serikali kule ziwani, twende tukacheze nao. Wazazi wanapenda mambo hayo. Mpiga picha nitamleta mimi." Akaniangalia. "Uchague michezo ya kisasa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Aibu yangu inaanzia hapo, wala si leo uwanjani. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Nikachagua shule niliyosoma mwenyewe, kando ya ziwa, upande wa Lundo. Nilijiambia ni kwa sababu Mwalimu Skolastika, aliyenifundisha darasa la tatu, bado yuko pale na amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ukweli ni kwamba nilijua pale hawana hata mpira mmoja wenye upepo. Nikaandika barua: tutakuja na michezo midogo ya kufurahisha, msijisumbue kujiandaa. Kisha kwa majuma matatu nikawafundisha watoto wangu koridoni, siku kwa siku, kukimbia na yai la mbao kwenye kijiko, kupita katikati ya koni kwa kupokezana vijiti, na kuzungusha ringi za plastiki kiunoni. Kwa kujaza ratiba nikaongeza mbio za magunia, kwa kuwa magunia tunayo tele, na kuvuta kamba.

Msijisumbue kujiandaa. Niliiandika kwa mkono wangu huu, na mwandiko mzuri.

Leo alfajiri tukashuka ziwani kwa basi la shule. Watoto wetu walikuwa na traksuti mpya za bluu, na kwenye zile kona za kuteremkia ziwani saba kati yao walizitapikia. Mkurugenzi alikuwa mbele na gari lake, yeye, kombe na mpiga picha.

Watoto wa pale walikuwa wamejipanga mistari wakitusubiri, miguu mitupu, wazazi wao wamesimama nyuma, uwanja umefagiliwa mpaka mchanga una alama za fagio. Mwalimu Skolastika akaja kunipokea. Amekonda, lakini sauti ni ile ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Sasa hiyo michezo yenyewe ni ipi? Watoto hawakulala kwa hamu."

"Ah, midogo tu, mwalimu. Hata wetu hawajaizoea."

Nilimwambia hivyo huku nimemshika mikono yote miwili.

Mchezo wa mayai tukashinda. Wenyeji walikuwa bado wanauliza kama yai lile linaliwa. Mchezo wa koni tukashinda. Mkurugenzi alikuwa na kipaza sauti, na kila mtoto wetu alipofika mwisho alitangaza jina la shule, ada haikutajwa lakini ilisikika. Nimewahi kuona mtu anauza dagaa mnadani kwa heshima zaidi ya ile.

Halafu yakaja magunia, na watoto wa ziwani wakaturukia mbali. Kwenye kamba ndiyo kabisa. Wale huwasaidia wazazi wao kukokota nyavu tangu wakiwa wadogo. Waliivuta kamba pamoja na traksuti zetu zote, wakaziburuza mchangani, kisha wakawainua wenzao na kuwakung'uta mchanga. Mbili kwa mbili. Mkurugenzi akaacha kutangaza.

Ikabaki ringi.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mtoto anachorewa duara lake mchangani, anasimama ndani, anazungusha ringi kiunoni. Ringi ikianguka, au akikanyaga mstari, ametoka. Anayebaki wa mwisho ameshinda. Watano wetu, watano wao. Niliwapa wenyeji dakika mbili za kujaribu, nikajiona mwenye huruma sana.

Katika dakika hizo mbili kulikuwa na msichana mmoja wa miaka tisa, mfupi, anaitwa Tumaini. Ringi ilimwangukia mara mbili. Mara ya tatu akatoa ulimi nje pembeni ya mdomo, akatazama kiuno cha Glori wa darasani kwangu, akatazama chake, akaipata. Basi. Kile nilichokifundisha majuma matatu yeye alikiiba kwa macho.

Nilipopuliza filimbi ya kuanza, wakaanguka mmoja mmoja. Wakabaki wawili, Glori na Tumaini. Glori alianza kuhema. Tumaini hakuwa na habari na mtu, ulimi nje, ringi inazunguka taratibu, watoto wa pale wanamwimbia kwa Kinyasa na kupiga makofi. Nami nilisahau niko upande gani. Nilikuwa natabasamu.

Mkurugenzi akaja akasimama begani pangu. Kipaza sauti alikuwa amekizima.

"Yule kakanyaga mstari."

"Hajakanyaga, Mkurugenzi."

"Mwalimu Edita." Alisema polepole, kama anayemkumbusha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kakanyaga."

Nikapuliza.

Nikanyoosha kidole, nikasema, "Tumaini, umetoka."

Hakuna aliyebisha. Natamani wangebisha. Wale watoto wamefundishwa kwamba mwalimu akisema amesema, na aliyewafundisha ni yule yule aliyenifundisha mimi. Nyimbo zikakatika. Mkurugenzi akawasha kipaza sauti. Glori akaidondosha ringi yake, akasimama tu, hakushangilia.

Tumaini yeye alifanya jambo ambalo nitakwenda nalo kaburini. Alichuchumaa. Akaangalia nyayo zake mle ndani ya duara, mbili, zimekaa katikati pale pale zilipoanzia. Akaufuata mstari kwa kidole, mzunguko mzima, akitafuta mahali ulipovunjika. Hakupaona. Akaurudia tena.

Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kosa lake, ili asirudie.

Nimesomea ualimu miaka miwili. Nimehudhuria semina za kunifundisha jinsi michezo inavyomjengea mtoto kujiamini, nikapewa na cheti, kipo ukutani. Na kwa pumzi moja nikamfundisha mtoto kutoyaamini macho yake mwenyewe. Mkurugenzi ni mtu mdogo, hilo nalijua siku nyingi, lakini filimbi haikuwa mdomoni mwake.

Wakapanga viti kwa ajili ya hotuba. Mkurugenzi akaanza kuwaeleza watu ambao tangu alfajiri hawajaketi kwamba michezo ni afya. Nikazunguka nyuma, nikamkuta Tumaini amesimama peke yake. Akaniamkia kwanza. Kisha akauliza:

"Mwalimu, nilikanyaga wapi?"

"Hukukanyaga."

Akafikiri. "Sasa mbona ulipiga filimbi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ajira, mwajiri, maisha yalivyo. Jaribuni kumwambia hayo mtoto aliyewatazama usoni.

"Nilifanya vibaya. Nakuomba radhi, Tumaini."

"Kwa hiyo nilikuwa sijatoka?"

"Ulikuwa hujatoka."

"Basi waambie na wenzangu," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Wanasema nimewaangusha."

Nilidhani kumwomba radhi pembeni kungetosha. Kwake hakukutosha, na alikuwa na haki.

Nikatembea mpaka mbele. Mkurugenzi alidhani naja kulishika kombe kwa ajili ya picha, akanisogezea kipaza sauti. Nikasema hivi, na maneno nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimejisemea njiani nisisahau: "Nilipiga filimbi kwa makusudi. Tumaini hakukanyaga mstari. Mchezo ule haukuisha."

Mkurugenzi akacheka. Alicheka, jamani, kicheko cha harusini. Akakichukua kipaza sauti akasema mwalimu wetu ana roho nzuri mno, anataka kuwafurahisha wenyeji, tumpigie makofi. Na watu wazima wawili watatu wakapiga.

Hapo Glori akasimama. Baba yake ni mtu mzito hapa mjini, sitasema zaidi. Akasema kwa sauti ya darasani, ile ya kujibu swali, "Kweli hakukanyaga. Mimi nilikuwa pembeni yake nikamwona. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka."

Mpiga picha akashusha kamera.

Mwalimu Skolastika akainuka kwenye kiti chake, akajifunga kitenge vizuri, akaja mbele. Alizungumza bila kipaza sauti.

"Mkurugenzi, lichukue tu kombe lako. Limekwisha kuandikwa jina, na sisi hatuna kabati."

Watoto wa pale ndio walioanza kucheka, kisha wazazi, kisha wa kwetu wakiwa na traksuti zao zenye matapishi.

Na yeye, mnajua alifanya nini? Alilichukua. Ningeweza kumsamehe mengi kama angeliacha pale, hata kama angelitupa ziwani kwa hasira. Alilifunga kwenye kitambaa cha meza, kitambaa cha wenyeji, akaliweka kiti cha mbele cha gari na kulifunga mkanda. Mpiga picha akakaa nyuma.

Wakati watoto wanapanda basi nilizikusanya ringi zote kumi, nikampa Mwalimu Skolastika. Ni mali ya shule, sikuruhusiwa na mtu. Akazipokea, akampa Tumaini azipeleke darasani. Tukabaki wawili.

"Ulinidanganya asubuhi," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Nitakusamehe, Edita. Lakini si leo. Leo nimekukasirikia."

Akanishika bega, akaenda kwa watoto wake. Nimelia kuanzia pale mpaka tulipozimaliza kona. Glori alikuja akakaa karibu nami, akalala.

Tulipofika shuleni Mkurugenzi alikuwa anatusubiri mlangoni. Aliwasubiri watoto washuke wote, akaniambia maneno manne: "Jumatatu. Saa moja. Ofisini."

Najua atakalolitaka. Hatanifukuza mara moja, walimu wa darasa la tatu hawaokotwi. Atanikalisha, ataniagizia chai, atataka nimwombe radhi mbele ya walimu wenzangu kwa kumwaibisha, na watatu kati yao watatikisa kichwa kumuunga mkono kabla hajamaliza kusema. Nao nawajua. Nimekaa nao miaka minne nikitikisa kichwa hicho hicho.

Najijua na mimi vilevile. Hicho ndicho kinachonitisha jioni hii. Naweza kuamka Jumatatu nimepoa, nikavaa sketi yangu ya mikutano, nikasema samahani kwa sauti ndogo, na mambo yakaendelea.

Kuomba radhi kwa kupuliza filimbi, nimekwisha kuomba, kwa anayehusika. Kuomba radhi kwa kuwa nilisema kweli, sitaomba.

Neno hilo nimeliandika hapa mnapoweza kulisoma, ili Jumatatu saa moja nisipate pa kujificha.