Picha ya Mbele ya Ukuta Mweupe

Bujumbura, 3 Juni 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Mimi ni mzima, kazi ya kutengeneza mabango imejaa. Naomba picha yako, mbele ya ukuta mweupe, ukiwa umevaa kitenge cha kanisa. Itume Watsapu kama dokumenti. Ukiituma kama picha inapunguzwa, na ikichapwa kubwa sura inavurugika, kama ya baba yetu, Papa, kwenye matanga yake.

Mwanao, Michée

Uvira, 5 Juni

Mwanangu,

Salamu. Kifua kinakohoa lakini bugali inapita. Picha hiyo hapo, nimepigwa na Olive wa jirani. Bila shaka unanitengenezea kalenda! Utakuja lini? Toka huko mpaka hapa unafika maharagwe jikoni hayajaiva.

Mama yako

Uvira, 22 Juni

Michée,

Leo sina salamu. Nilienda Kalundu bandarini kununua visamaki vya ndagala, nikapita kwa Kizito mchapaji. Aliponiona akaangusha mkasi: "Mama! Minye nilijua weye ulishakufa!"

Nyuma yake nilining'inia mimi kwenye turubai, mkubwa kuliko mlango: PUMZIKA KWA AMANI, MAMA GENEROSE, 1953, halafu nafasi ya mwaka wa kufa. Ulinivalisha kwa matanga yangu mwenyewe, na mimi nikakuchekea! Nakuonea kinyaa.

Mama

Bujumbura, 23 Juni

Mama,

Nisamehe. Nilimtumia Kizito faili aitunze tu, yeye akaichapa kujaribu rangi. Joto la Uvira halingoji, mtu akifa wanamzika kesho yake. Nikitengeneza kwa haraka nitakosea tena, na sura ya Papa watu waliicheka. Turubai likichapwa huku linasumbuliwa mpakani, faili inapita bila maneno. Pembeni nimeacha nafasi pana ili mkasi usiguse sikio lako. Nilifanya kwa upendo.

Mwanao

Uvira, 30 Juni

Mwanangu,

Kifua changu hukukiulizia safari hii. Bado kinakohoa.

Faili inapita mpakani, na wewe je? Turubai nimelichukua kwa Kizito, nikalitandika uani na kuanika ndagala juu ya uso wangu. Zinanuka, nzi wamenijaa machoni. Sikio langu kweli halikuguswa.

Ndagala hizi sitazituma. Njoo uzile hapa, unitazame nikitafuna. Usipokuja sasa, hata siku ile ya kunizika usijisumbue. Tuma faili tu.

Mama yako, bado