Goti Zima Linaloombewa Dua

Mpendwa Mama Oce, naomba unisaidie upesi, maana shangazi yangu Saadia yuko njiani kutoka kisiwa cha Seram na chupa ya mafuta ya kunikanda goti, na goti lenyewe halina kitu.

Mimi ni winga, nina miaka ishirini, jina langu usilitoe, na miaka mitatu iliyopita nilikuwa nahodha wa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, tukachukua kombe, nikabebwa mabegani kutoka bandarini Ambon hadi nyumbani, kichwa kikavimba mpaka nikawa natembea na kalamu mfukoni ili anayetaka sahihi nisimcheleweshe, na nilipoitwa timu ya wakubwa Jakarta nikamwambia mama apike papeda, ule uji wetu mzito wa sago, ya mtaa mzima, watu waje wanitazame kwenye runinga, wakaja, wakala, wakaniona nimekaa benchi natafuna jojo.

Mechi ya pili benchi, ya tatu benchi, mpaka nikajua kiti kisichopigwa na jua ni kipi, na ya nne nikajifanya mjanja, joto lilikuwa kali, nikaacha jezi chumbani nikavaa kizibao cha akiba juu ya fulana tu, nikisema nani ataniita, basi dakika za mwisho kocha akageuka, "Dogo, vua kizibao, unaingia," nikavua, nchi nzima ikaona fulana yenye tundu kwapani, beki mmoja akaniuliza, "Wewe umekuja kucheza au kufua?" akaingia mwingine, na huyo mwingine akafunga.

Mama akapiga simu, "Mbona wamekuita halafu wakakurudisha?" nikaona aibu nikasema, "Goti, Mama," akalia, akaomba nisomewe dua msikitini, kisha akahojiwa na redio ya kwetu akasema mwanawe huenda asicheze tena mwaka huu, na leo Kocha Darmono aliyenilea tangu utotoni, ambaye sasa ana timu ya chini ya miaka ishirini na tatu, kanipigia: "Nilitaka kukuchukua kwenye michezo ya kanda, lakini nasikia goti limekwisha. Nikuache?" nami badala ya kujibu nikakohoa. Kanipa mpaka Ijumaa. Nikisema kweli namwaibisha mama, nikinyamaza nafasi inakwenda, na halafu, Mama Oce, kurudi kwa vijana baada ya kuitwa na wakubwa si ni kushuka? Watu watanionaje?

Winga wa Benchi

*

Mwanangu, jina nimelificha, ingawa kila aliyekula papeda ile keshakujua.

Nimecheka, sikufichi. Kisha nikamfikiria mama yako anavyolilia goti zima, kicheko kikaniisha. Kukaa benchi ukiwa na miaka ishirini si aibu hata kidogo. Ulichokosea ni kudhani kombe la vijana limekukatia tikiti ya kuingia kwa wakubwa. Huko umekutana na wanaume wenye watoto wa kusomesha. Hawakupishi kwa sababu ulibebwa mabegani. Na unaniuliza habari ya kushuka! Unashuka kutoka wapi, nawe huko juu hujacheza hata dakika moja? Miguu yako inataka mechi. Anayekupa mechi ndiye anayekupandisha.

Mama yako mwambie mwenyewe, usitume mtu: "Nilidanganya kwa kuona aibu." Atafoka. Mwache afoke, usimkatize, wala usijitetee. Akitaka kurudi redioni kusahihisha, mwache aende. Shangazi naye usimgeuze njiani. Mtu mzima kavuka bahari kwa ajili yako. Mpe goti alikande, ukishamwambia kweli, na akilikanda kwa hasira, vumilia.

Gazeti letu hutoka Jumapili na kocha alikuwa anangoja Ijumaa, kwa hiyo sikukawia kukupigia. Ukaanza kunikoholea na mimi! Nikakwambia ukate simu umpigie yeye sasa hivi.

Wasomaji mnataka kujua kama alipiga. Alipiga, jioni ileile, akasema kweli, kisha akanisimulia. Kocha alimjibu, "Kuna wawili wanaocheza namba yako, na wote wawili wana njaa. Sikuwekei nafasi. Njoo uitafute."

Basi nenda, mwanangu. Nenda leo.