Kodiani Juu ya Kabati

Lawtell, Louisiana
14 Machi 1971

Mwanangu Verlie,

Salamu nyingi sana. Huku tu wazima, ila goti langu linalalamika kila mvua ikikaribia, nalo nimeshalizoea. Habari za Port Arthur? Mumeo anaendeleaje na moshi wa kiwanda hicho cha mafuta?

Tangu tumzike mama yako, nyumba imekuwa kubwa. Napika gumbo ya watu wawili, nakula ya mmoja, inayobaki nampelekea mbwa wa mjomba wako Clodis, naye amenenepa kuliko Clodis mwenyewe. Kodiani nimeifunga na kuiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa cheusi. Pale kwenye ukumbi wa dansi wa Zénobe, Jumamosi zetu wanapiga wengine hadi Januari ijayo. Clodis ameisokomeza fidla yake chini ya kitanda bila ubishi, na unajua Clodis hubisha hata akiambiwa kumekucha.

Nakuomba nawe ufunge yako. Mwaka mzima, kama tulivyomfanyia bibi yako. Bendi ni ya familia na msiba ni wa familia.

Baba yako,
Ursin


Port Arthur, Texas
4 Aprili 1971

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, Herbert naye hajambo, ila anarudi kutoka kazini ananuka lami mpaka paka anamkimbia. Hilo goti lipake mafuta, usiwe unalisikiliza tu.

Nimefunga, Baba. Kodiani yangu iko ndani ya sanduku lake. Lakini nina neno, na usinikasirikie. Umri wako si wa mchezo. Yule daktari wa Opelousas alisema mbele yangu kwamba vidole vyako vinataka kazi kila siku, vikilala vitakakamaa. Sikwambii upige dansi. Nenda nyuma ya ghala la viazi vitamu, piga polepole peke yako, nani atakusikia? Mama mwenyewe angekufukuza jikoni: "Toka hapa, Ursin, kapige huko, unanizibia njia!"

Siku za Jumamosi ndizo naumia zaidi. Mikono inatafuta kitu cha kushika.

Binti yako,
Verlie


Lawtell
12 Septemba 1971

Verlie,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Leo baada ya misa mke wa Adraste alinishika mkono akanipongeza. "Ursin, mikono yako binti ameirithi! Kwenye harusi kule Beaumont ametupigia mpaka soli za viatu zimekwisha!" Watu wote waliosimama mlangoni pa kanisa walisikia. Nami nimevaa suti nyeusi, na kitambaa cheusi mkononi.

Mama yako hajamaliza hata mwaka kaburini. Ulishindwa nini kungoja?

Nilimwambia asante.

Ursin Lavergne


Port Arthur
20 Septemba 1971

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwili haujambo, mengine usiniulize.

Ni kweli, nilipiga. Mpiga kodiani wao alilewa hata keki haijakatwa. Bibi harusi alikuwa amesimama na baba yake katikati ya ukumbi, wanangoja kucheza walsi ya baba na binti, na unajua bila ile walsi kwetu hakuna harusi. Yule mzee alikuwa anatazama viatu vyake tu. Nikakumbuka siku yangu, ulivyoiweka kodiani chini ukanichezesha, Clodis akipiga fidla na Mama akiimba. Basi nikasimama.

Nilitaka kupiga ile moja tu. Lakini nilipoanza nikaisikia sauti ya Mama, Baba, sauti yake hasa, ambayo tangu tumzike nilikuwa nikiitafuta kichwani siipati. Sikuweza kuacha. Nilipiga mpaka wakatuzimia taa.

Nisamehe. Sikumdharau. Nilikuwa namfuata.

Binti yako,
Verlie


Port Arthur
18 Desemba 1971

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeandika mara nyingine mbili na hujajibu. Najua barua unazipata, maana Mjomba Clodis anasema umezipanga dirishani. Nimekutengenezea soseji za wali za Krismasi, ukisema nizitume, nitatuma.

Niambie tu kwamba goti halijambo.

Verlie


Lawtell
30 Januari 1972

Mwanangu Verlie,

Salamu kwako na kwa Herbert. Goti halijambo. Kibaya ni kingine.

Jumatano padri alisoma misa ya mwaka. Nikakivua kitambaa cheusi. Nyumbani nilikuta watu wamejaa uani, Clodis na fidla yake, Wilfred na gitaa, wanawake na masufuria yao. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha kodiani, wakapiga makofi.

Vidole vilikataa, mwanangu. Mkono wa kushoto unakwenda. Wa kulia unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama mtu aliyevaa glavu. Nikajaribu walsi rahisi kuliko zote, ile niliyokufundisha ulipokuwa huna meno ya mbele. Clodis akacheka, akidhani nafanya utani. Kisha akaacha kucheka, na mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta kahawa.

Ulinionya. Tangu kiangazi nilishajiona nikihangaika na vifungo vya shati. Nilikukasirikia kwa ajili ya mama yako, lakini si kwa ajili yake peke yake. Wewe mikono unayo. Basi, nimesema.

Zénobe ameturudishia Jumamosi zetu. Njoo tarehe kumi na mbili, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Kaa kwenye kiti changu. Mimi nitagonga pembetatu ya chuma nyuma yako, kama mtoto anayejifunza. Nataka niisikie bendi hii ikiongozwa na damu yangu wakati masikio bado yanasikia.

Njoo, mama.

Baba yako,
Ursin


Port Arthur
5 Februari 1972

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Pole sana kwa vidole. Nimelia mpaka Herbert akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza nani amekufa.

Lakini tarehe kumi na mbili sitakuja. Nakwambia ukweli, kwa sababu kisingizio cha kazi ungekitambua. Miezi yote ile ulijifanya kama huna binti. Krismasi niliandaa sahani yako mezani, nikaiondoa mwenyewe. Sasa umeniita mara moja, nami nije mbio? Bado sijapoa, Baba, niache nipoe.

Kwaresima ndiyo hiyo inaingia, na popote hapatakuwa na dansi mpaka Pasaka. Na sisi tutulie. Jumapili ya Pasaka nitakuwa kwenye kiti chako, mikanda begani, na utanigongea pembetatu mpaka uombe maji. Nimeahidi.

Binti yako mwenye kichwa kigumu,
Verlie


Lawtell
8 Machi 1972

Mwanangu Verlie,

Salamu za Kwaresima. Nimekula samaki mpaka naogopa kuota magamba. Kuna kikohozi kidogo kimenishika. Clodis ananichemshia majani machungu, halafu anasimama mlangoni kuhakikisha nimemeza, mchawi yule.

Una haki. Kichwa hicho umekitoa kwangu, mama yako hayumo. Pasaka basi. Pembetatu naifanyia mazoezi kila asubuhi, na jirani ameshaniuliza kama nimenunua ng'ombe mwenye kengele.

Jambo moja. Nikiondoka duniani, kodiani usiifunge hata siku moja. Mwaka wa mama yako niliufunga kwa mapenzi, na mapenzi siyajutii, lakini mwaka huo umekula mikono yangu. Yako usiitoe. Piga hata siku ya kunizika, padri akinuna na anune. Hii ni amri ya kiongozi wa bendi.

Nakungoja.

Baba yako,
Ursin


Lawtell
3 Aprili 1972

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa mezani kwako. Barua hii sina pa kuituma, lakini kukaa kimya kumenishinda.

Kikohozi hakikuwa kidogo. Clodis aliponipigia simu nilipanda basi hilohilo la kwanza, na bado nilikukuta umeshavalishwa. Tulikuzika kando ya Mama. Watu walikuwa wengi, hata wale wa bendi za upinzani uliokuwa ukiwaita wezi wa nyimbo. Ndio waliolibeba jeneza.

Jana, Pasaka, nilikwenda kwa Zénobe kama nilivyoahidi. Ukumbi ulijaa. Nilikaa kwenye kiti chako, nikavaa mikanda begani. Clodis akaniinamia, macho mekundu, akaninong'oneza, "Anza, mama. Ametuamuru." Nikaivuta kodiani ikajaa hewa. Watu walishashikana mikono wanangoja.

Vidole vyangu ni vizima, Baba, havina kasoro yoyote. Lakini nilijikuta nasikiliza nyuma yangu, nikingoja uniambie, "Taratibu, Verlie, unakimbilia wapi?" Nikangoja. Kisha nikairudisha polepole bila kubonyeza kitufe, hewa ikatoka yote, nikafunga.

Hakuna aliyenilaumu. Wanaume walivua kofia. Watu wakarudi makwao na nguo zao za Pasaka, hata jasho hawajatoka. Zénobe alinikumbatia, akasema hawezi kungoja mwaka mwingine, Jumamosi zetu atawapa vijana wa mji wa Eunice. Nilimwambia namwelewa. Mjomba Clodis leo amelala mpaka mchana.

Ulisema nisifunge, nami nimefunga. Usinikasirikie. Nilitaka kukutii, na nilijaribu kweli mbele ya watu wote.

Lakini tarehe kumi na mbili ya Februari ulikuwa hai, Baba. Ulikuwa umekaa hapa unaniita, na mimi nilikuwa na mikono.

Binti yako,
Verlie