Uzi kwenye Kifuniko

4 Februari

Mwanangu,

Daktari wa macho alisema jana: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Foleni ya upasuaji ni miezi sita. Habari za huko? Sisi hatujambo. Hifadhi imejaa mwaka mzima kama kawaida: wa baiskeli, wa mbio, na wale wanaokuja kulala tu kwenye nyasi.

Mvua zimekatika, alama za njia zinangoja rangi. Njano ni ya familia, nyeupe ni ya wapanda miamba. Kwangu sasa zote njano. Bosi akijua ataniweka getini kukata tiketi. Usimwambie mtu.

Baba yako

11 Februari

Shikamoo Baba,

Pole sana. Mimi mzima. Ningekuwa na akili ningempigia bosi wako, ila nakujua: getini utakufa kwa kununa. Basi funga uzi kwenye kifuniko cha kopo la njano. Vidole havina mtoto wa jicho.

Binti yako, mbeba brashi wa zamani

2 Aprili

Shikamoo Baba,

U mzima? Barua mbili hujajibu. Redio imesema mwalimu mstaafu ameanguka mwambani huko hifadhini, amefariki. Niambie si njia zako.

Binti yako

9 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mwili mzima. Ni njia zangu.

Mwalimu alitembea njia ya njano kila Jumapili. Alizoea kunitania: “Mzee wa Rangi, miti unaivisha vizuri kuliko unavyovaa mwenyewe.” Jumapili ile ukungu ulishuka, akafuata alama. Zikamfikisha ukingoni.

Nilipopumzika kunywa maji nilifunika makopo yote mawili, nikachanganya vifuniko bila kujua. Baada ya hapo nilipaka njano mawe kumi na moja ya wapanda miamba. Mtunza stoo amenisomea makopo: uzi uko kwenye nyeupe.

Bosi anasema ni ukungu. Mwana wa marehemu alikuja kunishukuru kwa kumtafuta mama yake. Nimekula chumvi nyingi, shukrani hiyo imenishinda kumeza.

Kikao cha uchunguzi ni Jumatatu, tarehe 20. Nitasema. Wewe sitakutaja.

Baba yako

13 Aprili

Shikamoo Baba,

Sijui nikuulize hali gani. Ningeandika mshikio wa kopo badala ya kifuniko, mwalimu angekuwa hai. Ningempigia bosi, pia.

Nimeomba ruhusa kazini. Basi langu linafika Jumapili saa kumi jioni. Jumatatu saa tatu tutaingia pamoja: wewe utasema la makopo, mimi la uzi.

Binti yako