Mama, Wanasema Nilikuandikia Kifo

Mama,

Kesho kutwa, Jumapili, ukoo wote unakutana hapa kwetu Kampemba, na shauri lenyewe ni mimi. Mama mdogo Odette, aliyekuja kwenye kilio chako kutoka Pweto na furushi lake la samaki wakavu, alikuwa anapanga nguo zako, akakuta kaye langu, daftari ninaloandikia riwaya, chini ya vikwembe. Akalifungua palepale mama wa hadithi anapofia hospitalini. Akasoma tarehe niliyoweka pembeni: wiki moja kabla hujafa. Akaniambia mbele ya watu, "Ni weye ulimuandikia lufu." Anataka kaye lichomwe, nami nipige magoti.

Wewe unajua ilivyokuwa. Niliingia shindano la kuandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja. Kila jioni tunatumiana idadi ya maneno kwa simu, na sharti kuu ni kwenda mbele tu, hakuna kurudi kusahihisha. Siku ya kumi na mbili nilikuwa sina la kuandika, nikamuua mama wa watu ili nipate kurasa. Ulikuwa umeshalazwa. Nilikusomea kwa aibu, nikitumaini utasinzia katikati. Wapi! Ulinikemea: "Uyu mamu anakufa mbio sana. Rudilia. Nataka kusikia benye banamulilia."

Nikarudia, sharti nikalivunja. Tulimlilia kurasa nne, na wewe ndiye uliyechagua nani azimie na nani aje kwa ajili ya chakula tu. Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Nikiwaeleza hayo, nani ataamini? Shahidi wangu ni wewe. Tangu juzi watoto wa dada wanakatazwa kuingia chumbani kwangu, na sahani yangu inaachwa mlangoni. Naogopa, Mama, nisikufiche.

Ila kinachonitafuna ni kingine. Asubuhi ile uliyokufa Papa alinipigia simu, akasema unaniulizia. Nikamjibu nakuja, namaliza ukurasa. Nikaumaliza, nikaanza mwingine, maana wenzangu walikuwa wameniacha mbali. Nilipofika walikuwa wameshakufunika uso. Nikamwambia Papa kwamba taksi ilikwama njiani. Mpaka leo, mtu akiuliza nilikuwa wapi, Papa ndiye anayemweleza habari ya taksi hiyo, kwa huruma kabisa.

Shindano litaisha Jumapili hiyohiyo, nami sitafika mwisho. Basi. Nitaimalizia riwaya taratibu, nakuahidi, na kila atakayekufa humo atapata wa kumlilia. Kaye sitalitoa lichomwe. Mama mdogo atasema yake yote, nitamsikiliza bila kumkatiza. Kisha nitasimama, nimtazame Papa.

Pumzika, Mama wangu. Uliniita, sikuja. Hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Mwanao, Bea