Je, Unapanga?

Jumatatu, 4 Machi

Matokeo yametoka. Nchi kumi na mbili zimepimwa kwa kuijali kesho, na yetu imeshika mkia! Profesa anashangilia, nadharia yake imesimama. Anasema penye shida na vifo vya mapema watu huishi haraka: huzaa mapema, hula cha leo, kesho ijijue. Penye utulivu huvuta subira. Sisi ni wa haraka. Dodoso nililitafsiri mimi, kwa hiyo jina langu litakuwa la pili kwenye makala. Mara ya kwanza! Nimefurahi. Ila ni furaha ya mtu aliyesifiwa kwa kumsengenya nduguye.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa Mama. Yuko uani anakagua matofali—ya chumba cha mjukuu. Mjukuu mwenyewe sijamzaa, hata mchumba sina! Nikamtania, nikamsomea swali la tisa, lile nililolifupisha mwenyewe ili watu wasichoke: "Je, unapanga?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi nipange? Kwani hii nyumba ya nani?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

Kupanga. Chumba!

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nzima napekua majibu. Wenye nyumba zao: "Sipangi, namshukuru Mungu." Tumewaandika kuwa hawaijali kesho—watu waliojenga tofali kwa tofali! Na yule aliyesema anapanga, ila mwenye nyumba anamfukuza mwisho wa mwezi? Alama zote. Naona aibu.

Nimemwambia Profesa. Hakukasirika, na hapo ndipo penye shida. Eti neno moja haliangushi nadharia, huenda hata bila hilo tungekuwa mkiani, tuliache mpaka mkutano wa kesho upite. Kisha kwa upole: swali likitoka, nchi inatoka, nchi ikitoka, na wewe... Hakumalizia. Nimemwelewa.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika ukumbini, daftari mapajani. Grafu imejaa ukutani, sisi chini kabisa. Profesa kaongea vizuri mno. Sasa mwanamke mmoja wa safu ya mbele kauliza: hilo la kupanga, watu mliwauliza kwa maneno gani hasa? Profesa katabasamu—mtafsiri wangu yupo, atajibu.

Macho yote huku. Kipaza sauti kinakuja, mkono kwa mkono. Mama angekuwa na jibu tangu jana. Mimi sijapanga hata—